Filimbi ya kuitia elki: nunua moja kwanza, na ujue inasema nini

Kila ikikaribia Septemba maswali yanayoletwa kwetu sisi wa elimu ya uwindaji yanafanana sana. Mtu kashamaliza kozi ya usalama, leseni anayo, tagi ya elki anayo, yaani kibali cha kuwinda elki mmoja, kaenda dukani kakuta ukuta mzima wa filimbi za kuitia, za kuweka mdomoni, za kung'ata, za kuminya kwa mkono, mabomba marefu, sasa kachanganyikiwa anauliza anunue ipi. Na wanaouliza kwa Kiswahili wapo, manake huku magharibi mwa Marekani tuna ndugu zetu wengi, Wakongo wako Boise na Missoula, Wakenya na Watanzania wako Denver, na wengi wao uwindaji wa leseni ni kitu kipya kabisa. Mkenya kwa mfano, kwao uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hata mzee wake hakuwahi kumfundisha. Ndo maana naandika hii kwa lugha yetu.

Jibu langu fupi ni hili: nunua filimbi moja rahisi ya sauti ya jike, jifunze sauti mbili tatu uzijue vizuri, na kabla ya kupuliza ujue hiyo sauti kwa elki ina maana gani. Mengine yote yatafuata.

Elki ni wa jamii ya kulungu wa huku (Waingereza wanasema deer) ila ni mkubwa mno, dume la Milima ya Rocky linafika kama kilo 320 na jike kama 225. Wanaishi kwa makundi ndani ya misitu ambako hawaonani muda wote, kwa hiyo wanaongea. Hapo ndo uwindaji wa kuita ulipoanzia, yaani mnyama mwenyewe kazoea kutafuta wenzake kwa sikio. Majike na ndama wanaongea mwaka mzima. Madume wako kimya sehemu kubwa ya mwaka halafu kwenye msimu wa kupandana, Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba, wanaanza kupiga ule mlio mrefu unaopanda juu kabisa kama filimbi halafu unaishia kwa mikoromo, msitu mzima unasikia.

Sasa sauti zenyewe. Ya kwanza na ya muhimu kuliko zote ni mlio wa kawaida wa jike, mfupi, kama sekunde moja hivi, unaanza juu unashuka chini, na kazi yake ni kusema niko hapa, wewe uko wapi. Basi. Hauna ugomvi ndani yake wala haraka. Ndama anapiga huo huo ila mwembamba zaidi na wa juu zaidi. Ya tatu ni ya jike lililo tayari kupandwa, ndefu, ya kulalamika, inavutwa, hii inafanya kazi wakati msimu umekolea lakini ukiipiga kila dakika tano unaharibu, hakuna jike linalolia hivyo asubuhi nzima. Halafu kuna mlio wa dume wenyewe, na kuna ule mkoromo wa kukatakata anaoumalizia. Na ya mwisho ni ya hatari, sauti moja kali fupi kama mbwa kabweka mara moja. Hii ya mwisho usiipige, ila uijue, kwa sababu ukiisikia maana yake jike fulani kashakuona au kashakunusa na kundi zima linaenda kuondoka.

Kwa nini nasisitiza jike? Kwa sababu wanaoanza wote wanataka kupiga mlio wa dume, ndo unaosisimua, ndo uliopo kwenye video. Lakini fikiria unaambia nini. Dume lenye kundi la majike likisikia dume lingine kubwa linapiga karibu, mara nyingi halijisumbui kupigana, linakusanya majike yake linayasukuma upande wa pili wa mlima, ushalipoteza. Ni sawa na kwenda mlangoni kwa mtu usiku unapiga kelele, wengine watatoka na rungu lakini wengi watafunga mlango. Na yale madume madogo yanayozurura pembeni ya kundi, ambayo kwa anayeanza ndo nafasi yake ya kweli kabisa, yakisikia sauti nzito yanaogopa yanakimbia. Sauti ya jike haimtishi mtu. Dume kubwa, dogo, majike, ndama, wote wanaweza kuja kuangalia, na ukikosea kidogo haina shida sana kwa sababu majike wenyewe sauti zao zinatofautiana, kuna mwenye sauti mbaya na mwenye nzuri.

Kabla ya kununua chochote nenda kasikilize. Walioko Colorado wana bahati, Septemba jioni pale Estes Park na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain watu wanapaki magari pembeni kusikiliza tu, elki wako mbele yako kabisa. Walioko karibu na Yellowstone waende Mammoth Hot Springs. Kaa mbali nao, dume la msimu huo linashambulia watu, na usiende na filimbi ukaanza kupiga, ndani ya hifadhi kuwaita wanyama ni kosa na kuwinda ni kosa kubwa zaidi. We sikiliza, rekodi kwenye simu ukipenda, halafu jiulize nani kasema nini na nani kajibu. Utagundua kitu kimoja ambacho hakimo kwenye video za kuuzia filimbi, kwamba muda mwingi wanaongea kwa sauti ndogo sana.

Haya, dukani. Filimbi ya kuminya ni mfuko wa mpira wenye kimrija, unaminya sauti inatoka, hamna cha kujifunza karibu. Inafaa kwa mtu mwenye meno ya bandia, kwa mtoto, kwa mtu ambaye kitu chochote mdomoni kinamletea kichefuchefu. Ubaya wake ni kwamba sauti ni ile ile tu, na inataka mkono, na mkono ukitembea elki anauona.

Ya kung'ata ina ulimi wa plastiki ulio wazi juu ya kimrija, unaweka midomo juu unabana unapuliza, ukisogeza midomo mbele au nyuma sauti inapanda au kushuka. Hii mimi ndo nawapa wengi waanze nayo, kwa siku chache tu unapata mlio wa jike unaoeleweka, na bei si ya kutisha. Kwenye baridi kali ya Novemba unyevu wa pumzi unaweza kuganda ndani, kwa hiyo iweke ndani ya koti karibu na mwili, sio kwenye mfuko wa nje.

Halafu ya mdomoni, ile ndogo yenye umbo la kiatu cha farasi, kama herufi U, fremu yake ina utando wa lateksi uliovutwa katikati na utepe kuzunguka. Hii ndo ngumu na hii ndo ambayo mwisho wa siku utaitaka, hasa ukiwa mtu wa upinde. Sababu ni moja na ni kubwa: ukishavuta upinde mikono yote miwili imekwisha, dume linatembea linapita, unahitaji lisimame sekunde mbili, mlio mmoja mfupi wa jike unatoka mdomoni linasimama linageuza kichwa. Filimbi nyingine nyingi haziwezi kukupa hiyo bila kushikilia kitu.

Sasa jinsi ya kuijifunza, na hapa niende polepole maana wengi wanakata tamaa siku ya kwanza. Nunua yenye utando mmoja au miwili myembamba, sio ile ya tatu tatu minene ya kupigia madume makubwa, hiyo inataka pumzi nyingi. Angalia saizi pia, watu wana vinywa tofauti na kuna fremu ndogo. Iweke juu kwenye kaakaa, upande ulio wazi uangalie mbele kwenye midomo, utepe uzibe pembeni hewa isipite. Ikikukaba, toa, pumzika, rudisha, kaa nayo tu mdomoni bila kupiga ukiwa unaendesha gari au unaosha vyombo mpaka mdomo uizoee. Ikizidi kukubana kata utepe kidogo kwa mkasi, utepe peke yake, usiguse fremu.

Ikishakaa, gusa utando kwa ulimi taratibu sana halafu sukuma hewa kutoka tumboni, sio kutoka mashavuni. Mwanzo utatoa upepo mtupu halafu mlio mmoja mbaya mrefu wa juu, hapo uko sawa kabisa, huo mlio wa juu ndo mwanzo wa kila kitu. Ushike. Ukishaweza kuushika bila kukatika, anza kuachia ulimi kidogo kidogo huku unashusha taya, sauti itaanguka yenyewe, juu kwenda chini, na huo ndo mlio wa jike. Ukibana ulimi zaidi na kupunguza hewa unapata ndama. Ukivuta ukalalamika unapata jike la msimu. Fanya dakika chache kila siku kuliko saa nzima Jumapili, ulimi ni msuli na unachoka, na ukichoka unaanza kubana kwa nguvu na sauti inaharibika. Jirekodi na simu, weka simu mbali ng'ambo ya uwanja, kwa sababu unavyojisikia kichwani sivyo elki atakavyokusikia kutoka mita mia.

Bomba la kupigia mlio wa dume linaweza kusubiri. Ukilinunua, kazi yake ya kwanza kwa anayeanza iwe kutafuta tu, alfajiri unasimama juu ya mgongo wa mlima unapiga mlio mmoja mwembamba usio wa ugomvi, unasikiliza bonde lipi limejibu, unaweka bomba begani unaanza kutembea. Ukishakaribia rudi kwenye jike.

Porini kitu kinachoshinda filimbi yako ni upepo. Elki anaweza kudanganywa sikio lakini pua haidanganyiki, na akija kwenye sauti mara nyingi atazunguka apate harufu kwanza. Milimani asubuhi na mapema hewa baridi inashuka bondeni, jua likipasha mteremko inageuka inapanda, jioni inashuka tena, na ile saa ya kugeuka inazunguka hovyo, ni afadhali ukae kimya. Beba kichupa cha unga wa kuangalia upepo, tumia kila mara.

Ukiwa na mwenzako, mpigaji filimbi akae nyuma ya mwenye silaha kama mita 30 hadi 50, kwa sababu dume likifika mahali ambapo lingetakiwa kuliona jike na halioni kitu linasimama hapo hapo, na unataka hapo litakaposimama pawe mbele ya mwenye silaha. Ukiwa peke yako jifiche mahali ambapo lazima lisogee karibu ndo lione, nyuma ya kona ya miti au ukingo wa mteremko. Vunja vijiti, piga piga ardhi taratibu, kundi la elki linatembea kwa kelele zake. Halafu piga mara mbili tatu, nyamaza. Nyamaza kweli, robo saa au zaidi. Kwenye misitu ya umma ambako wawindaji ni wengi madume mengi yanakuja kimya kimya bila kujibu, na mtu aliyenyanyuka mapema ndo anayasikia yakikimbia nyuma yake.

Kwetu Waswahili kuita mnyama kwa sauti sio kitu kigeni, Wahadzabe, wawindaji wa Tanzania kule Ziwa Eyasi, mpaka leo wanapiga mluzi ndege mwonyesha asali anakuja kuwaongoza. Na wao wanajua kwamba ukiita kuna anayesikia. Huku anayesikia anaweza kuwa mwindaji mwingine mwenye bunduki anayedhani wewe ni jike, kwa hiyo kaa umeegemea mti mkubwa, na ukimwona mtu usimpungie mkono wala usipige filimbi, ongea kwa sauti ya kibinadamu. Kwenye msimu wa bunduki Colorado wanataka nguo ya rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa isiyopungua inchi za mraba 500, ikiwemo kofia, na Montana 400 ya chungwa. Anaweza pia kuwa dubu. Montana, Wyoming na upande wa Idaho unaopakana na Yellowstone wana dubu wakubwa aina ya grizzly, na dubu akisikia ndama analia anasikia chakula. Dawa ya kupulizia dubu iwe kiunoni, sio ndani ya begi, na uwe umeshajifunza kuichomoa.

Sheria sasa, kwa haraka. Colorado kila aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha kozi ya uwindaji, Idaho ni kuanzia 1 Januari 1975, Montana ni aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1985. Majimbo mengi ya huku yanakataza kuita elki kwa spika au sauti iliyorekodiwa, kwa hiyo ile rekodi yako ya Estes Park ni ya kujifunzia nyumbani tu, usiibonyeze porini. Kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni na kinabadilika kila mwaka, kichukue cha mwaka huo, na ukikwama kwenye Kiingereza chake piga simu ofisi ya wanyamapori uombe mkalimani, usione aibu, ni haki yako kuelewa kabla hujaingia msituni na silaha.

Ukitoka porini suuza ile filimbi ya mdomoni kwa maji baridi, ikaushe, chomeka kijiti bapa cha meno katikati ya tando zisishikane, iweke kwenye kikasha chake ndani ya friji mbali na jua. Lateksi inachoka. Ikianza kukunjamana au sauti kukatika katikati usipoteze muda kuirekebisha, nunua mpya kabla ya Agosti ili mdomo uizoee mapema.