Kipimo cha puani hakimalizi kazi ya daktari

Tangu 2020 nasikia maneno yaleyale, kwa wazazi, kwa wanafunzi wa udaktari, na juzi kwa daktari mwenzangu tukiwa raundi: "Kipimo ni chanya, basi huyu ana ugonjwa wa Korona." Mtoto mwenyewe alilazwa kwa kuvunjika paja.

Kipimo hicho, PCR, hutafuta vinasaba vya kirusi puani au kooni. Ikivikuta, inakwambia vipo. Haikwambii vimeingia lini, wala kama ndivyo vinavyomkosesha mtoto pumzi. Rinovirusi, ya mafua ya kawaida, huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya makamasi kukauka. Ya Korona nayo vivyo hivyo.

Utafiti wa PERCH kuhusu vyanzo vya nimonia kwa watoto, uliochapishwa 2019 na kufanyika katika nchi saba, Kenya (Kilifi) ikiwemo, ulifanya jambo ambalo wodini hatulifanyi: uliwapima pia watoto wa jamii zilezile wasio na nimonia. Rinovirusi ilikutwa kwao karibu sawa na kwa waliolazwa! RSV, kirusi kingine cha njia ya hewa kinachowasumbua hasa vichanga, haikuwa hivyo. Kwa watoto wasioumwa ilionekana kwa nadra, na miongoni mwa wasio na VVU ambao nimonia yao ilithibitika kwa eksirei, ilikadiriwa kuwa chanzo cha karibu 31% ya visa. Kwa hiyo majibu mawili ya "chanya" hayana uzito mmoja. Kichanga anayepumua kwa kasi, kifua kinabonyea, RSV chanya: hapo nina jibu. Kichanga huyohuyo akiwa na rinovirusi peke yake, naendelea kutafuta.

Janga lenyewe lilituonyesha. Mwaka 2020, shule zilipofungwa na watu wakavaa barakoa, RSV na influenza karibu zitoweke katika nchi nyingi, na vichanga waliolazwa kwa bronkiolaitisi, uvimbe wa vijia vidogo vya hewa mapafuni, wakapungua mno. Rinovirusi iliendelea kuzunguka, pengine kwa kuwa haina utando wa mafuta ambao vitakasa mikono vya alkoholi huuvunja. Ingekuwa rinovirusi puani inatosha kumlaza mtoto, wodi zisingebaki na vitanda vitupu vile. Sisemi haina madhara; mwenye pumu inaweza kumbana vibaya sana. Nasema kuikuta ni mwanzo wa kufikiri. Kisha RSV ikarudi nje ya msimu: Australia Magharibi ilipanda mwishoni mwa 2020, kuelekea kiangazi, ilhali huko huwa ni ugonjwa wa majira ya baridi. Aliyepima Korona tu hakuiona.

Na hasi nayo inadanganya. MIS-C, mchochota mkali wa mwili mzima unaofuata Korona, huja wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi. Mtoto ana homa, macho mekundu, tumbo linauma, moyo unalegea, na PCR mara nyingi ni hasi. Kumwambia mama yake "si Korona" kwa karatasi ile ni hatari.

Kipimo kina kazi zake. Kinanisaidia kupanga vitanda, nisimlaze mwenye RSV kando ya mwenye tundu la moyo. Lakini matibabu hayaanzii hapo. Mzazi, uliza kwanza: oksijeni kwenye damu yake ni ngapi? Chini ya 90% anahitaji oksijeni, kirusi chochote kiwe. Ananyonya? Anachoka?

Vikitoka virusi viwili kwa pamoja, mara nyingi hakuna anayeweza kusema kwa hakika kipi kimemlaza. Na kwenye nimonia kali naanzisha antibiotiki, ampisilini na gentamaisini, hata RSV ikiwa chanya, maana kirusi kuwepo hakuwaondoi bakteria, na kando ya kitanda hakuna kipimo cha kuniaminisha kwamba hawapo. Naamini wengi wa watoto hao hawazihitaji dawa hizo. Siwezi kukuonyesha ni wepi.