Mshubiri ukikuwasha, haukuponyi

Wengi huamini kwamba mshubiri (aloe vera) ukiwasha ngozi ndiyo dawa inaingia. Sivyo. Jani lina vitu viwili. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano wenye kemikali iitwayo aloini. Humo ndimo unamotoka ule uchungu wa shubiri, ambao kina mama walipaka kwenye matiti kumwachisha mtoto ziwa. Utomvu huo unaweza kuwasha ngozi. Kinachotuliza ngozi iliyobabuka kwa jua ni ute mwangavu wa katikati, ambao takriban asilimia 99 ni maji.

Kwa hiyo simamisha jani lililokatwa ndani ya bakuli dakika 15, utomvu uchuruzike. Lioshe, menya ganda lote, ujaribu kwanza kidogo mkononi. Ukiwashwa, nawa na uache.