Mama Mwaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia), mimba na pombe: maswali na majibu

Pombe inamfanya nini mtoto tumboni?
Mama akinywa, pombe inaingia kwenye damu, inapita kondo la nyuma inamfikia mtoto, na ini lake bado changa haliwezi kuisafisha. Ubongo unajengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hakuna mwezi salama wala kipimo salama, iwe bia iwe waini. Madhara yake wanayaita FASD, kifupi cha Kiingereza, na hayaponi: mtoto anasahau haraka, darasani hatulii, ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja, basi anachapwa anaitwa mkorofi kumbe masikini ni ubongo.

Kwani wanawake Waaborijini ndo wanakunywa kuliko wengine?
Hapana jamani! Takwimu za Australia zinaonesha Waaborijini wasiogusa pombe kabisa ni wengi kwa asilimia kuliko raia wengine. Ishu ni kwamba wanaokunywa, baadhi wanakunywa nyingi kwa mpigo, na nyuma yake kuna kunyang'anywa ardhi, kuna vizazi vya watoto waliochukuliwa na serikali kwa nguvu, misiba juu ya misiba. Sasa mama kama huyo ukimfokea kliniki harudi tena, manake anaogopa na wake atachukuliwa.

Kuna mahali wamefanikiwa kupambana nayo?
Fitzroy Crossing, mji mdogo katika eneo la Kimberley, Australia Magharibi. Mwaka 2007 wanawake wenyewe, wakiwemo June Oscar na Emily Carter, walichoka kuzika watu wakaenda kwa mamlaka ya leseni kuomba pombe ya kubeba nyumbani ibaki bia nyepesi tu, na wakakubaliwa mwaka huohuo, japo hata majirani zao wengine walikasirika. Hawakuishia hapo, wakawaita watafiti wawapime watoto waliozaliwa 2002 na 2003, ikaonekana karibu mmoja kati ya watano ana FASD. Mimi naona huo ni ujasiri mkubwa sana, kuomba ukweli unaouma kuhusu watoto wako mwenyewe ili wasaidiwe.

Nilikunywa kabla sijajua nina mimba, nimeshaharibu?
Usijihukumu, inatokea kwa wengi. Acha leo (ila kama unakunywa sana kila siku, soma kwanza swali la mwisho), kila siku bila pombe inamsaidia mtoto, na mwambie mkunga ukweli.

Mume na ndugu wafanye nini?
Hapa ndo penye kazi, manake mama hawezi kuacha peke yake wakati nyumba nzima inakunywa. Mume aache naye mpaka mtoto azaliwe, bibi na mashangazi wamchukue mama wakavue samaki siku za malipo pombe inapomwagika, na akikataa glasi asilazimishwe. Mhudumu wa afya awe Mwaborijini mwenzake ikiwezekana, amuulize faragha, na aulize akina mama wote, sio yeye tu.

Na kama anakunywa sana kila siku?
Huyo asikate ghafla peke yake nyumbani, anaweza kutetemeka na hata kupata degedege, ni hatari kwake na kwa mtoto. Apelekwe kliniki aachishwe chini ya uangalizi, na ndugu mmoja aende akae naye huko.