Bastola ya .22 ya kulengea shabaha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukianza mchezo wa shabaha, hutamaliza hata wiki kabla hujapewa ushauri na kila mtu uwanjani kuhusu bastola ya kununua. Mwingine mzuri, mwingine wa kijiweni tu. Hapa nazungumzia bastola ya kaliba .22 (tundu la mtutu la karibu milimita 5.6) inayojipakia yenyewe: ile ya mita 25 unayoiona kwenye Olimpiki, na ndugu zake wa Marekani wanaokutana Camp Perry, Ohio, ambako mashindano ya taifa yalianza kufanyika 1907.

"Mtutu mrefu ndio unaopiga penyewe."

Urefu una faida moja: umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Ukiwa mkubwa, kosa dogo la mkono unaliona mapema. Lakini ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, limeweka kikomo cha milimita 220 kati ya vilengeo hivyo, na milimita hizo zinapatikana bila mtutu mrefu. Tazama Walther GSP ya Ujerumani, iliyotoka 1968. Mtutu wake ni kama sentimita 11 tu, magazini, kile kikasha cha risasi, imekaa mbele ya kifyatulio, na kwa miongo kadhaa imekuwa mikononi mwa watu wanaojua wanachofanya. Smith & Wesson Model 41, ya mwaka 1957, inauzwa na mtutu wa takriban sentimita 14 au 18. Wengi huchagua ule mfupi, kwa sababu mzito mbele unachosha mkono.

"Inayojipakia ina vyuma vingi vinavyocheza, haiwezi kuishinda rivolva, ile ya silinda inayozunguka."

Hii inatoka kwenye bastola kubwa. Kwenye nyingi za 9 mm, mtutu wenyewe hushuka na kupanda kila risasi inapotoka, na lazima urudi palepale. Risasi ya .22 haina nguvu ya kudai mtambo huo. Mtutu umefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa bastola, hausogei. Kinachorudi nyuma ni kile chuma kinachofunga chemba, yaani tundu inamokaa risasi, na risasi imeshaondoka wakati kinafunguka. Mtutu usiosogea na vilengeo visivyosogea ni nusu ya kazi. Ndiyo maana hata Ruger ya bei ya kawaida, ambayo ukoo wake ulianza 1949, hupiga vizuri kuliko wengi wanaoishika.

"Kifyatulio kikiwa chepesi ndiyo bora."

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kanuni ya mita 25 inataka kifyatulio kisichopungua gramu 1000, na hilo halikaguliwi kwa macho: bastola inasimamishwa wima, kifyatulio kinaning'inizwa uzani, na kikifyatuka kabla ya kuunyanyua, hushindani hadi ukirekebishe. Kilo nzima, pakiti ya sukari. Kwa Camp Perry ni takriban gramu 900 kwa .22. Kwa hiyo mabingwa wote wa shindano moja wanabeba "uzito" uleule, na bado kuna kifyatulio unachokipenda na kingine unachokichukia.

Tofauti iko kwenye namna kinavyokatika. Kwenye bastola za Ulaya za mashindano kuna hatua mbili: ya kwanza inateleza na kubeba sehemu kubwa ya uzito, halafu unagota kwenye ukuta. Hapo unasubiri. Ya pili inahitaji nyongeza ndogo tu, na inakatika kama unyasi mkavu, bila kukwaruza, bila kuburuta. Baada ya kukatika, kidole kisiendelee na safari, maana kikiendelea kinaisukuma bastola wakati risasi bado iko njiani ndani ya mtutu. Nilishawahi kujaribu bastola ya rafiki iliyolegezwa hadi ikawa nyepesi mno. Ilifyatuka kabla sijawa tayari, na tundu likaonekana pembeni kabisa mwa karatasi. Niliirudisha mezani, magazini nje, nikamwambia aipeleke kwa fundi wa silaha. Alinuna, ila akaipeleka.

"Nunua risasi za kasi, au zile ghali kuliko zote."

Risasi ya .22 Long Rifle ni ya mwaka 1887, na tabia zake za utotoni haijaziacha. Kichwa chake cha kawaida, ile sehemu inayoruka, ni madini ya risasi matupu ya gramu 2.6, kimepakwa mafuta mazito au nta. Zile za kasi ya kawaida zinakwenda chini kidogo ya mwendo wa sauti zikitoka kwenye bunduki; kwenye mtutu mfupi wa bastola zinapungua zaidi. Za kasi kubwa hazikuongezei usahihi mita 25. Zinakuongezea teke, na kwa Model 41 au GSP, ambazo springi zake zimepimiwa risasi za kasi ya kawaida, zinaupiga mtambo bure.

Kuhusu ghali: Eley Tenex ni risasi nzuri, hakuna ubishi. Ila duara la kumi kwenye karatasi ya mita 25 lina kipenyo cha milimita 50, na lile dogo la ndani milimita 25, yaani dogo kidogo kuliko kizibo cha soda. Risasi nyingi za bei ya kati zinaweza kazi hiyo, mradi zipatane na mtutu wako. Na hakuna anayeweza kukwambia zipi zinapatana nao. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti.

Njia ni ya kizamani. Kopa mfuko wa mchanga, laza mkono juu yake, nunua boksi mojamoja la aina nne au tano. Ukibadilisha aina, piga kwanza risasi kumi za kuupaka mtutu mafuta mapya na usizihesabu. Halafu piga kumi kwenye karatasi safi, andika jina pembeni. Aina moja itatawanya matundu kama mchele uliomwagika, nyingine itayarundika hadi yawe tundu moja lenye kingo zilizochanika. Hiyo ndiyo yako. Ukishaijua, nunua kasha zima ambalo kila boksi lina namba ileile ya toleo la kiwandani.

"Ikikwama, ujue ni mbovu."

Mara nyingi ni uchafu, au midomo ya magazini imepinda. Ganda la .22 lina ukingo unaotokeza, na ukingo mmoja ukijifunga nyuma ya mwingine ndani ya magazini, hakuna kinachopanda. Baruti ya kuwashia nayo imo ndani ya ukingo huo, na isipoenea sawasawa, pini inagonga patupu. Ikitokea hivyo, elekeza mtutu kwenye shabaha na usubiri nusu dakika kabla ya kufungua.

"Ni .22 tu, kama kichezeo."

Inaua. Kichwa chake kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Sheria nayo haitofautishi: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kibali kinatangulia bastola.

"Chagua kwa macho."

Mbunifu wa bastola ya shabaha ya Kisovieti iliyojulikana dunia nzima, Mikhail Margolin, alikuwa kipofu. Aliifanyia kazi kwa kupapasa, na hadi leo wapo wanaoipenda Margolin kwa jinsi inavyokaa kiganjani. Fanya kama yeye. Dukani, baada ya kuhakikisha chemba ni tupu na mtutu unaelekea pasipo na mtu, ishike, fumba macho, inua mkono taratibu hadi usawa wa bega, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa katikati ya mfereji wa nyuma, mshiko huo ni wa mkono wako. Kikiwa kimejificha kushoto, rudisha na uombe inayofuata, hata kama ya kwanza ina mbao nzuri za mjozi.