Batani Haitaki Nguvu: Dhana Potofu Kuhusu Kalkuleta Zilizochoka

Kila anayeniletea kalkuleta hapa Mwanga, Kigoma, anaanza na neno lilelile: "Fundi, hii tano mpaka uibonyeze kwa nguvu." Ukiitazama hiyo tano unakuta alama za kucha, au tundu la ncha ya kalamu. Nimechoka kulisikia, kwa hiyo nalieleza hapa kwa urefu.

"Batani ikigoma, bonyeza kwa nguvu"

Hapana! Chini ya kila batani kuna mpira wa silikoni uliotuna, na ndani yake kuna kidonge cheusi cha kaboni. Kwenye bodi, yaani kibao cha ndani chenye njia za umeme, mkabala na kidonge, kuna njia mbili za umeme zilizopishana kama meno ya vitana viwili, bila kugusana. Ukibonyeza, kidonge kinaziunganisha na namba inaandika. Kazi ya kidole inaishia hapo.

Kidonge kizima ukikipima kwa mita ya umeme kinasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) mia chache au pungufu. Kikishika utando wa mafuta, au kaboni yake ikisuguika, kipimo kinapanda hadi maelfu na chipu haioni kuwa umebonyeza. Ukiongeza nguvu utapata nafuu ya siku chache tu, huku ukichana ule mpira mwembamba unaoirudisha batani juu. Ukishachanika, batani inazama na haipandi, na hapo hakuna cha kusafisha.

Mezani kwangu sasa ipo kalkuleta ya mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Kalamu imetoboa mpira wa tano, ikapita hadi kwenye bodi na kukwangua kaboni iliyofunika njia zake mpaka kopa (shaba) inaonekana. Ingeletwa batani ilipoanza kusuasua, ingekuwa kazi ya pamba na spiriti.

Ukiifungua kalkuleta yako, usikimbilie kusafisha. Jaribu kwanza: inua mpira, usogeze hadi kidonge cha batani usiyoitumia sana kikae juu ya njia za tano, kisha bonyeza polepole. Tano ikiandika, bodi ni nzima na mgonjwa ni kidonge. Isipoandika, kashughulike na bodi. Na kama zimekufa batani kadhaa kwa mpigo, acha kuulaumu mpira. Batani kadhaa hutumia njia moja kwenye bodi, na njia hiyo ikikatika zinakufa zote pamoja.

"Spiriti inasafisha kila kitu"

Spiriti inatoa mafuta, hata mawese yaliyoganda pembeni mwa batani. Lakini chumvi na sukari haviyeyuki vizuri ndani yake. Wanaouza chumvi ya Uvinza wanaifuta bodi kwa spiriti, inang'aa, baada ya muda mfupi ukijani unarudi kwenye kopa. Ni kwa sababu chumvi ilibaki, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Chai na soda ni vivyo hivyo. Anza na pamba yenye maji safi kidogo, kisha fuatisha spiriti ili ifukuze maji, halafu acha bodi ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Mpira wenyewe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, uanike kivulini.

Ila spiriti isiguse ule utepe mwembamba unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye kioo! Umebandikwa kwa gundi inayoshikishwa kwa joto. Gundi ikilegea, vipande vya namba vinapotea kwenye kioo, na kuubandika tena ni kazi ngumu kuliko batani zote ukizijumlisha.

"Piga msasa kidogo"

Usipige. Ule weusi unaouona kwenye bodi si uchafu, ni kaboni ya kupitisha umeme. Ukiutoa umeiua.

"Paka penseli"

Inafanya kazi, kwa muda. Penseli laini ya 6B ina grafiti (ule weusi unaoandika) nyingi kuliko HB ya kawaida, kwa hiyo inapitisha umeme vizuri zaidi. Paka kwenye kidonge peke yake na upulize unga wote, maana ukidondokea kwenye bodi namba zitajiandika zenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejiandaa kwa mtihani asiitegemee penseli. Alete kalkuleta mapema.

Mimi napenda zaidi kukata vidonge vya rimoti iliyokufa na kuvibandika juu ya vile vilivyochoka. Chagua vyembamba, kidonge kinene kitaiacha batani ikiwa imebonyezwa muda wote. Superglu haishiki silikoni, inabanduka. Tumia gundi ya silikoni, tena ile isiyonuka siki, kwa kuwa yenye harufu ya siki inakula kopa. Ipake chini ya kidonge tu, isipande juu.

"Petroli inatoa uchafu sugu"

Inavimbisha mpira wa silikoni. Mpira uliovimba haukai tena kwenye matundu yake.

"Namba zimefutika, kalkuleta imekwisha"

Rangi ya juu ya batani haina uhusiano wowote na umeme. Kama inaandika, ni nzima. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika namba upya, iache ikauke, uendelee na hesabu zako.