Brauni yenye Snickers ndani: ni keki au ni nini?

Brauni ni kitafunio cha chokoleti chenye asili ya Marekani, kilichoenea huko mwanzoni mwa karne ya 20. Huokwa kwenye trei bapa, kisha hukatwa vipande vya mraba. Ukiikuta kwenye kabati la kioo la duka la mikate Kampala utaiita keki, na hujakosea sana, kwani unga wa ngano, mayai, sukari na siagi ni vile vile. Vipimo ndivyo vinavyoitenga. Unga wake ni kidogo, mafuta na chokoleti ni vingi, na mara nyingi haitiwi hamira ya aina yoyote, kwa hiyo haiumuki. Inabaki nzito, nyevu katikati, na juu ina ngozi nyembamba inayopasukapasuka. Iliyoumuka ikawa laini kama sponji, kwangu mimi hiyo ni keki tu.

Sasa kuna hii ya kuchanganyiwa chokoleti za dukani zenye vitu ndani, kama Snickers, Mars au Twix. Hizo si mapambo; kila moja ina tabia yake ikipata moto. Karameli, ile sukari laini inayonata iliyo ndani yake, huyeyuka, ikazama na kugandia chini ya trei, ndiyo maana karatasi ya kuokea ni lazima. Karanga za Snickers hubaki ngumu, na hapo ndipo raha ilipo. Biskuti ya Twix hunyonya unyevu ikalainika, hivyo ni bora kuipanga juu zikibaki dakika chache. Chokoleti tupu nyembamba hupotea kabisa, hutajua uliitia.

Chokoleti hizo zigandishe kwanza kwenye friza ili zikatike vizuri, na upunguze sukari ya mchanganyiko, la sivyo utamu utakinaisha. Trei ya sentimita 20 kwenye oveni ya nyuzi 180 huchukua kama dakika 25 hadi 30. Kile kijiti cha kupimia keki hapa hudanganya: kikigusa karameli kitatoka kimelowa hata kama imeiva. Tazama kingo; zikianza kuachana na trei na katikati pakawa hapachezi, epua. Wasio na oveni hutandika mchanga kwenye sufuria kubwa, wakaweka trei ndani, wakapalia makaa juu ya kifuniko. Inaiva, ila moto wa chini uwe mdogo maana karameli huungua upesi.

Gharama ndiyo kikwazo. Wilayani Bundibugyo, magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, wanalima kakao, lakini nyingi huuzwa nje ikiwa mbegu kavu, na Snickers tunayonunua Kampala imetoka ng'ambo. Mbili au tatu zinatosha trei nzima ukizisambaza vizuri. Subiri ipoe kabisa ndipo ukate. Ikiwa ya moto, karameli hufuata kisu na vipande vinavurugika.