Je, wajua kwa nini wembe mmoja unaweza kufikia bei ya ng'ombe?

Shemeji yangu wa Tukuyu aliuza parachichi vizuri msimu uliopita. Baada ya kulipa ada za watoto akabaki na milioni moja na nusu ya kujifurahisha, akanipigia simu. "Shemeji, nataka wembe. Si hizi za kutupa. Ule wa kukunja, wa wazee, nitakaonyolea mpaka mvi." Alikuwa ameona mmoja wa dola 300 na mwingine wa dola 15, kwa macho kama mapacha. Akataka kujua kuna nini ndani ya kipande cha chuma kisichozidi kiganja hata kikaomba bei ya ng'ombe.

Wengi hudhani ni chuma chenyewe. Kuna ukweli hapo, ila si wote. Wahunzi wetu wa Mbeya hupenda springi za magari, chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6. Kwa panga kinafaa sana, maana panga likigonga jiwe halitakiwi kukatika. Wembe hutaka kaboni ya asilimia 1 hivi au zaidi kidogo, ndipo makali membamba yasimame. Hata kimondo cha Mbozi, zile tani 16 hivi za chuma na nikeli zilizotoka angani, kisingetupa wembe wa maana: kaboni yake ni haba mno.

Lakini chuma cha kutosha wembe mmoja hakigharimu sana. Fedha huanza kwenda kwenye moto. Fundi hukipasha mpaka nyuzi 800 hivi, hukizamisha kwenye mafuta kikawa kigumu kama kioo, kisha hukipasha tena kwa nyuzi 200 hivi ili ule wepesi wa kuvunjika upungue. Akikosea hapa hutaliona kosa dukani, utalisikia kidevuni. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, bado unaweza kuumega ukingo wake. Humegeka pale unywele unapoinama ukakutana na ukingo kwa pembe, hasa chuma kikiwa hakilingani ndani. Kwa hiyo kulingana kwa chuma ndani ni kitu cha kulipia.

Kisha kuna kuchonga, na hapa ndipo ninapoona fedha inatendewa haki. Ukikata wembe katikati ukautazama kwa upande, ule wa kizamani una umbo la kabari: mgongo mnene, mashavu yaliyonyooka hadi makali. Ni mzito na hunyoa kimya. Wembe wa kisasa hukwanguliwa mashavu yote mawili kwa magurudumu ya mawe hadi yaingie ndani, na chuma karibu na makali kibaki chembamba kiasi cha kupinda kidogo ukikisukuma kwa ukucha. Wembe wa namna hiyo huimba. Ukipita kwenye ndevu unasikia sauti nyembamba ya chuma, na sauti hiyo inakueleza kama pembe uliyoshika ni sahihi. Kuukwangua hivyo bila kuuchoma chuma kwa joto la msuguano, na bila kuacha upande mmoja mnene kuliko mwingine, ni kazi ya mkono na jicho lililokaa miaka kiwandani. Ndiyo maana majina ya miji inayotengeneza nyembe yana uzito: Solingen ya Ujerumani, ambayo jina lake linalindwa kisheria tangu 1938, na Thiers ya Ufaransa.

Mgongo nao una siri. Unaponoa, unaulaza wembe juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa pamoja, hivyo unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali maisha yote ya wembe huo. Wembe wenye mgongo uliopinda hata kidogo hautanoleka sawa hata uwe na jiwe la bei gani. Basi kabla ya kulipa, omba picha ya mgongo ukitazamwa kwa juu, na nyingine ya wembe umefungwa: uingie katikati ya mpini bila kuegemea upande.

Upana hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Nilimshauri 6/8, kama milimita 19, wenye ncha ya mviringo, kwa kuwa ncha ya mraba hutoboa sikio la anayejifunza.

Mapambo sikuyapa nafasi kubwa. Chuma cha mawimbi ya tabaka kinapendeza, na dhahabu kwenye shavu pia, ila havinyoi vizuri zaidi. Mpini wa pembe ya ndovu nilimkataza kabisa. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989, na sisi tulio jirani na tembo wa Ruaha tunajua kwa nini. Mpingo je? Huo nilimsihi auchukue. Ni mti uleule wa vinyago vya Kimakonde, na mafundi wa Ulaya wanauthamini kwa sababu haunyonyi maji kirahisi.

Maji ndiyo yaliyotuchelewesha. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, na chuma cha kaboni huko hushika kutu ukigeuka tu. Hunoleka kwa urahisi, nami binafsi nakipenda, lakini kwake nilichagua chenye kromiamu, metali inayozuia kutu, ya asilimia 13 hivi. Fedha yote isiishie kwenye wembe pia: tulitenga theluthi moja kwa mkanda mpana wa ngozi wa kunyooshea makali, jiwe laini la kumalizia kunoa, brashi na sabuni. Wembe mpya kutoka kiwandani mara nyingi haujawa tayari kunyoa, kwa hiyo tulimtafuta muuzaji anayeunoa mwenyewe kabla ya kuutuma.

Jambo la mwisho nililomwambia ni la sisi wenye ndevu za kujikunja. Unywele ukikatwa chini mno huingia tena kwenye ngozi na kuleta vipele. Anyoe kufuata ndevu zinakoelekea, kwa povu la moto, na asiivute ngozi kupita kiasi.

Sasa anaupitisha kwenye mkanda kila kabla ya kunyoa, mgongo ukitangulia. Akimaliza anaukausha hadi kwenye kiungo, anaupaka tone la mafuta, na haulazi bafuni. Ameutengea rafu ndogo jikoni, juu kidogo ya jiko la mkaa, mahali pakavu kuliko pote katika nyumba yake.